Cheptanui Hataki Kuitwa Mama

Hoteli yangu iko hapa Free Area, Nakuru, ukitoka barabara ya Nairobi unaingia ndani kidogo, mlango wa bluu, chapati zinakunukia kabla hujaniona. Mimi siwezi kupika mahali hapana watu. Chakula chenyewe kinakataa kuiva. Watu huniita Mama Becky, na wakitaka kujua nani ameachana na nani, nani amenunua ploti, nani amerudi kwao bila kuaga, huagiza chai kwanza halafu ndipo wanauliza. Kwa hivyo haya ya Cheptanui na bima yalipotokea meza ya pili, mbele ya macho yangu, nilijua kuwa nitayasimulia. Nimengoja ruhusa yake tu. Jana alinipa. Alisema, "Simulia, lakini usitie chumvi." Nimejaribu.

Cheptanui ni wa Rongai. Jumanne na Alhamisi huja hapa na vibuyu vya mursik, yale maziwa yetu ya Rift Valley yanayogandishwa na kutiwa majivu ya mti, na mimi ndimi mnunuzi wake mkubwa. Huvaa koti la mwanaume na kofia ya mwanaume, na akimaliza kuuza haji jikoni kupiga domo na sisi. Huketi meza ya pili na wanaume. Wageni hushangaa. Sisi wenyeji hatushangai, kwa sababu Cheptanui ana mke.

Ngoja nieleze, usije ukafikiri mengine. Marehemu mumewe alimwachia shamba la ekari nne na hakumwachia mtoto. Kwa Wakipsigis, nyumba kama hiyo haiachwi ife. Mwanamke anaweza kutoa mahari, akaoa mke, na watoto wa yule mke wakawa watoto wa nyumba, wa jina la nyumba, warithi wa shamba. Yeye mwenye kuoa anakuwa ndiye mume. Hapana mambo ya kitandani hapo, ni mambo ya nyumba. Hata kwetu Ugikuyu yalikuwako, nyanya yangu, shosho, alinisimulia. Basi Cheptanui alitoa ng'ombe sita, akamwoa Jepleting, miaka kumi na miwili iliyopita. Watoto ni wawili, Chepkemboi na Weldon, wote shuleni. Wanamwita Kogo, yaani nyanya, lakini ukimwuliza Weldon mwenye boma ni nani, atamnyooshea Cheptanui kidole moja kwa moja.

Sasa mwaka jana Jepleting aliugua kidole tumbo. Alipasuliwa usiku uleule alipofika. Bima ya serikali ililipa sehemu, iliyobaki ikatushinda, na mimi kama kawaida yangu nikatangaza harambee hapahapa hotelini. Watu walijaa hadi wengine wakasimama nje. Nilifurahi siku hiyo, Mungu anisamehe, mgonjwa yuko kitandani na mimi nahesabu vikombe. Aliyetoa bahasha nene kuliko wote alikuwa Hezekiah, shemeji yake Cheptanui, mdogo wa yule marehemu. Ana duka la mbolea na mbegu hapa mjini. Tulimpigia makofi hadi viganja vikauma.

Tatizo la bahasha ya Hezekiah ni kwamba haikuwahi kufungwa mdomo. Kila mazishi, kila harusi, kila kikao cha shule: "Yule mke wa Cheptanui, ni mimi nilimtoa hospitali." Kidogo kidogo neno "mke" likaanguka, ikawa "yule msichana wa Cheptanui." Na miezi mitatu iliyopita akaanza kusema kwamba shamba la marehemu ndugu yake halina mwenyewe.

Hapo ndipo Cheptanui alipoanza kuuliza juu ya bima ya kampuni, ile unayolipa kwa mwaka na kutibiwa hospitali kwa kadi. Alimwuliza Kamande.

Kamande ni ajenti. Huwinda wateja hapa kwangu kwa sababu, kama asemavyo, wateja wa Mama Becky wameketi tayari. Kijana mtanashati, viatu vinang'aa hata siku ya tope. Mara ya kwanza alikuja meza ya pili akasema, "Niaje mathe, umeshawahi kufikiria afya yako?"

Cheptanui alimtazama kuanzia viatu hadi nywele. "Nani mathe?"

"Wewe... si ni heshima tu, mathe ni mama."

"Niite Cheptanui."

Kamande akajua ameanza na mguu mbaya, lakini hakujua ni mguu upi.

Kwa wiki tatu Cheptanui alimhoji yule kijana kama polisi wa barabarani. Mimi nilikuwa nikipita na chai pole pole ili nisikose hata neno.

"Nikilipa mwaka mzima na nisiugue?"

"Hiyo pesa imeenda, shosho... aah, Cheptanui. Lakini ulikuwa umelindwa."

"Nani amenilinda? Sijamwona."

"Ni kama mlinzi wa geti. Mwizi asipokuja, mlinzi si bado unamlipa?"

"Mlinzi namwona. Akilala namwamsha. Huyu wako analala wapi?"

Kiprugut akacheka hadi akamwaga chai. Kiprugut ni dereva wa lori, mteja wangu wa miaka, na tunamtania kwamba Salgaa, kule malori yanakolala, wanamjua kuliko mkewe anavyomjua. Yeye ana bima ya kampuni kupitia kazi. "Mimi inanifaa," akasema. "Mgongo wangu umetibiwa mara tatu. Ila meno hawataki. Wanasema meno si ugonjwa."

"Kwani meno ni nini?" nikauliza.

"Ni anasa, Mama Becky. Uliza Kamande."

Mimi msimamo wangu ulikuwa unajulikana. Nilimwambia Cheptanui waziwazi: bima ni kulipia ugonjwa ambao haujaamua kuja. Bima yangu mimi ni watu. Nikianguka leo, hii hoteli itajaa kabla sijafika wodini.

Akaniambia, "Najua. Wewe watu wako wakishachanga wanaenda nyumbani. Wangu mmoja hakwenda nyumbani. Bado yuko kwa mlango."

Nikaenda kupindua chapati ambazo hazikuhitaji kupinduliwa.

Kwa hivyo ujue alichokuwa akitafuta. Hakuwa anaogopa ugonjwa kama wewe na mimi tunavyouogopa. Alitaka siku ingine Jepleting au watoto wakilazwa, wasitolewe na mtu atakayekuja baadaye kudai shukrani kwa ekari.

Akauza mtamba. Mtamba mzuri, mwekundu, karibu kushika mimba. Na ilikuwa lazima aharakishe, kwa sababu Kamande alichungulia kitambulisho chake akasema, "Jumamosi unatimiza sitini na tano. Ukishatimiza, hatukupokei kama mtu mpya. Ukiwa ndani tayari, tunaendelea na wewe hadi themanini."

"Hadi Ijumaa mimi ni kijana," Cheptanui akasema. "Jumamosi nazeeka."

"Ndio sheria."

"Sheria ya ajabu. Lete fomu Alhamisi."

Alhamisi saa nne asubuhi walikuwa meza ya pili. Cheptanui na kofia yake, Jepleting kando yake na kitambulisho mkononi, Kamande na tableti yake. Kiprugut alikuwa meza ya jirani akijifanya anasoma gazeti. Mimi nilikuwa nakanda unga mahali ambapo sijawahi kukandia, hatua mbili kutoka kwao.

"Tuanze na mwenye bima," Kamande akasema. "Cheptanui. Sawa. Mwenzi wa ndoa, niandike marehemu?"

"Mwenzi wangu ni huyu," Cheptanui akasema, akimwonyesha Jepleting.

Kamande akatabasamu vile unatabasamia mtu mzee akikosea. "Hapana, namaanisha mume au mke."

"Ndiyo. Mke."

Kijana akanitazama. Nikafuta unga mikononi, nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Alisikiliza mdomo wazi. Kisha akafanya kitu kilichonifanya nimpende zaidi: hakucheka. Akasema, "Wacha tujaribu," akaandika mke. Tableti ikakataa. Akaandika tena. Ikakataa tena, ikaweka alama nyekundu pale kwenye jinsia.

Akapiga simu ofisini. Tulimsikia akieleza, "Hapana madam, si hivyo... ni mila... ndiyo, ng'ombe sita... hapana, cheti hakuna." Akakata simu. "Wamesema haiwezekani. Mashine haina hiyo nafasi."

"Basi mashine yenu haijafika Rongai," Kiprugut akasema nyuma ya gazeti.

Kamande ni ajenti, na ajenti hakubali mlango mmoja. Akageuza tableti. "Kuna njia. Tumwandike Jepleting kuwa mwenye bima. Watoto wake wawili chini yake. Halafu tuna nafasi ya mzazi. Mzazi mmoja anaingia, bora hajatimiza sitini na tano. Tunakuandika wewe mama." Akabonyeza bonyeza. "Elfu sabini na mbili kwa mwaka, nyumba yote. Pesa ya mtamba inatosha na unabaki na nauli."

Nilifurahi. Niliona imeisha. Hata nilianza kufikiria kama niwape chapati za bure.

"Mimi si mama yake," Cheptanui akasema.

"Ni kwenye fomu tu."

"Mama yake yuko Bomet, anaitwa Joyline, na yuko hai."

"Basi mama mkwe. Nafasi ya mama mkwe iko."

"Weka."

Kamande akaweka. Fomu ikauliza jina la mume wa Jepleting. Wote tukaitazama.

"Mume ni mimi," Cheptanui akasema.

Tukarudi palepale. Kamande akajaribu njia ya tatu, kila mtu na bima yake. Jepleting na watoto bei yao ilikuwa nafuu. Lakini Cheptanui peke yake, umri ule, alihitajika kupimwa damu, moyo, macho, kila kitu, na bei ikawa ya mtamba mwingine na nusu. Mtamba mwingine hakuwa naye. Aliyebaki nyumbani alikuwa na mimba, na ng'ombe mwenye mimba haondolewi bomani.

Kwa hivyo mambo yalikuwa wazi hata kwangu mimi ambaye nilisoma hadi darasa la saba na mengine nikasomea kwenye foleni. Akubali neno mama, nyumba nzima iingie, na yeye mwenyewe awe amelindwa hadi themanini. Akatae, aingie Jepleting na watoto, na yeye abaki nje milele kuanzia Jumamosi.

Na mimi nikashangaa. Kweli nilishangaa. Mwanamke mzima anakataa kuitwa mama? Neno ambalo hapa Nakuru tunampa hata mtu tusiyemjua, tunaponunua nyanya! Wengine wamelia makanisani miaka ishirini wakiliomba. Nikamwambia, "Cheptanui, neno ni upepo. Liandike, ule dawa, uishi."

"Upepo ukiandikwa si upepo tena," akasema.

Hapa nikiri kosa langu. Asubuhi ile, kabla hawajafika, nilikuwa nimemtumia Hezekiah ujumbe. Nilifikiri atafurahi kujua kwamba hatasumbuliwa tena na harambee za nyumba ile. Mimi nikijua jambo zuri huwa linaniwasha mpaka nilipeleke kwa mtu. Basi akaja. Suti, kalamu mfukoni, mkono wa kila mtu ukasalimiwa.

"Chamge, chamge. Nasikia mnafanya jambo la maendeleo."

Nikamweleza palipokwama. Nilimweleza vizuri, kwa kirefu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo uso wake ulivyozidi kuchangamka.

"Lakini hiyo ni rahisi!" akasema. "Mwandikeni mama. Kuna heshima gani inayoshinda mama? Shemeji, acha ukaidi. Ni afya yako."

Cheptanui akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

"Tena," Hezekiah akaendelea, akivuta kiti, "mimi nitalipa ya mwaka ujao. Na wa tatu. Ninyi ni watu wangu. Kamande, si ndiyo? Andika mama, nikutumie pesa sasa hivi, hiyo ya mtamba arudi nayo nyumbani."

Kiprugut akashusha gazeti. Mimi unga ulinishikia vidoleni. Mtu huyu, nawaambia, aliwahi kurudi hapa kilomita mbili kudai shilingi kumi ya chenji. Sasa analipa miaka mitatu?

"Umeokoka lini?" Kiprugut akamwuliza.

"Damu ni damu," Hezekiah akasema. "Ila Kamande, ukimaliza nitumie kopi ya fomu. Ukurasa ule wenye majina na uhusiano. Nataka kuuweka kwenye faili."

Sasa, mimi kuna vitu naweza kuacha. Naweza kuacha chai ipoe. Naweza hata kuacha ugomvi wa majirani uendelee bila mimi ikiwa mvua inanyesha. Lakini swali likiwa limelala pale sakafuni siwezi kuliruka.

"Faili ya nini, mzee?"

"Ya familia tu."

"Familia gani inaweka faili ya bima ya nyumba ingine?"

"Mama Becky, wewe pika."

"Napika. Faili ya nini?"

Akarekebisha kola. "Chifu ametuita mwezi ujao kuhusu lile shamba. Kila mtu alete karatasi alizo nazo. Hiyo tu."

Hotelini palikuwa na watu kama kumi na watano, na nikwambie, ulisikia mafuta yakichemka.

Kamande ndiye aliyeling'amua kwanza, maskini, akasema kwa sauti ya mtu anayejisomea. "Kwa hivyo fomu ikisema yeye ni mama... Jepleting ni binti. Na kama ni binti si mke. Na watoto si warithi..." Akaitoa tableti mbele ya Hezekiah, akaiweka mapajani.

Kumbe Cheptanui alikuwa ameona hayo tangu mwanzo. Wiki tatu zote za maswali, na mimi nikifikiri ni ubahili wa pesa. Nilimwona usoni, hakuonyesha ushindi wala hasira. Alionekana mtu aliyechoka kubeba kitu ambacho sasa wengine pia wanakiona.

Hezekiah akasema hakuna aliyemtaja binti, na kwamba watu wa mjini wana mawazo machafu, na kwamba yeye alitaka kusaidia. Lakini hakuondoka. Akaagiza chai.

Ndipo Jepleting, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema zaidi ya kutaja tarehe yake ya kuzaliwa, akafungua mdomo. Ni mwanamke mpole, mrefu, anayeongea kama anayepima maziwa.

"Andika mama," akasema.

Cheptanui akageuka. "Nini?"

"Andika, Kamande. Mimi nimepasuliwa, najua kulala pale ukiwasikia nje wakihesabu kama pesa imefika. Sitaki ulale hivyo. Miguu yako inavimba tangu Pasaka na unaficha kwa soksi. Unafikiri sioni? Shamba likienda, liende. Nitalima la watu."

"Na Weldon?"

"Weldon atakula."

"Sikuulizi atakula nini." Sauti ya Cheptanui haikupanda. "Nimekuuliza Weldon ni nani. Ukishaandika mama, Jepleting, siku nikifa watoto wako watasimama upande upi wa kaburi? Huyu," akamwelekezea Hezekiah kidevu bila kumtazama, "atasimama mbele, wao watasimama nyuma na majirani. Nilikuoa mbele ya watu. Baba yako alihesabu ng'ombe mara mbili kwa sababu hakuamini mwanamke anaweza kuleta sita. Sasa nikuache kwa ajili ya sindano?"

Jepleting akaanza kulia, bila kelele, akijipangusa kwa kitambulisho. Nikampa taulo ya jikoni. Mimi mwenyewe nilikuwa naihitaji.

"Na wewe ukiugua?" akauliza.

"Nitaugua kwa ile ya serikali. Ikipungua, Mama Becky atapika chai, watu watajaa."

"Na huyu atakuja tena na bahasha."

"Aje." Ndipo sasa akamtazama Hezekiah. "Akinisaidia mimi, atakuwa amemsaidia mzee wa miaka sitini na tano. Mzee hana ekari za kumlipa. Ekari ni za nyumba, na nyumba itakuwa na kadi yake."

Hezekiah akapuliza chai ambayo ilikuwa imepoa zamani.

"Kijana," Cheptanui akamwambia Kamande, "ng'ombe nilikubali kumtoa. Hiyo ingine sitoi. Andika Jepleting na watoto wawili. Mimi nitoe."

Kamande akafuta, akaandika upya. Alikuwa anaenda polepole, vile wanafunzi huandika wakijua mwalimu amesimama nyuma. Jina, tarehe, shule za watoto, damu, ugonjwa wa zamani. "Kidole tumbo kilitolewa," akasoma. "Hicho hakiwezi kuugua tena." Tukacheka kidogo, tulihitaji. Mwishoni akasimama.

"Hapa wanataka mtu wa kuitwa kukitokea jambo. Hospitali inampigia kabla ya wengine wote. Na huyo ndiye anayetia sahihi ya upasuaji kama mgonjwa hajiwezi."

"Cheptanui," Jepleting akasema kabla hajamaliza.

"Namba ya simu?"

Akaitaja bila kutazama simu.

"Uhusiano?"

Kamande akatazama kioo, akatazama tena, akaleta tableti karibu na uso. "Hii nafasi haina orodha," akasema. "Hawajaweka chaguo. Unaandika unachotaka mwenyewe."

Jepleting akajipangusa pua. "Andika mume."

Akaandika. Tulingoja ile alama nyekundu. Haikuja. Fomu ikapiga hatua hadi ukurasa wa malipo kana kwamba haijaona jambo lolote la ajabu maishani.

"Ofisi wakiuliza?" nikamwuliza Kamande chini chini.

"Nitawaambia ndiye mume. Si nimeona mwenyewe? Hapa siongopi. Kule kwa mama ndiko ningeongopa."

Cheptanui hajui kusoma. Akaomba nimsomee pale palipoandikwa. Nikamsomea. Akaomba tena. Mara ya tatu nikasoma kwa sauti ya hoteli nzima, na meza ya nyuma, watu ambao hata hawakujua ni nini kinaendelea, wakapiga makofi. Hezekiah akaacha pesa ya chai mezani, kamili, na akatoka akisema ana mteja wa mbegu.

Malipo yalifanywa kwa simu ya Cheptanui. Aligeukia ukuta kuweka nambari ya siri, koti limemfunika kama hema. Ujumbe wa kukaribishwa ukaingia kwa Jepleting na sote tukausoma mmoja mmoja, simu ikipita mkono kwa mkono, hadi ikapakwa unga.

Nilimwuliza Kamande bei yangu ingekuwa ngapi. Ni udadisi tu, usifikirie nimebadilika. Aliniambia nikakaa chini. Nimesema nitafikiria, na bado nafikiria, na akija hapa sasa namketisha mbali na jiko ili nisisikie sana.

Cheptanui alikuwa ameanza kukusanya vibuyu vyake. Jepleting akainama mbele ya watu wote, akamvuta soksi ya mguu wa kulia chini, akabonyeza kifundo kwa kidole gumba. Kidole kikaacha shimo. Likakaa pale kitambo kabla ya kujaa tena.

"Twende zahanati sasa," Jepleting akasema. "Ile ya serikali. Kabla ya kupanda gari."

"Leo? Nina mursik ya kupeleka mtaa wa Section 58."

"Leo."

"Nani mume hapa?"

"Ni wewe," Jepleting akasema, akichukua vibuyu vyote viwili mkononi mwake. "Tangulia."

Akatangulia. Nilisimama mlangoni hadi wakapinda kona, Cheptanui mbele na kofia yake, akichechemea kidogo mguu wa kulia, na mimi nikijiuliza ni kwa nini sikuwahi kuuona ule mguu, mimi ninayeona kila kitu.